Freni Aliyoifunga Fundi Ukelo

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe kwa sababu amenipa miguu ya kusimama hapa mbele yenu leo, maana asubuhi hii ilikuwa inakataa.

Wengi mnanijua. Mimi ni Kambale, baba ya Masika, ninakaa Mudzipela, karani wa depo ya kahawa. Mnanijua pia kama mwanaume aliyefiwa na mke kwenye mteremko wa Kasenyi. Mliniombea. Wamama wa kanisa hili walinipikia mwezi mzima. Nimekuja kuwaambia kwamba mtu mliyekuwa mnamlilia alikuwa mwongo.

Pikipiki tuliyoanguka nayo niliinunua kwa Mgiriki mmoja aliyekuwa anafunga duka lake ili arudi kwao. Ilikuwa ya Kiingereza, nyeusi, nzito kama ng'ombe, na hata wakati ule ilikuwa tayari imezeeka, maana ilianza kutembea barabara hizi tangu wakati wa Wabelgiji. Katika Bunia yote mtu mmoja tu aliweza kuitengeneza. Huyo ni fundi Ukelo, mtu wa upande wa Mahagi, aliyekuwa na kibanda chake karibu na soko. Nati za Kiingereza zilikataa funguo za kawaida, zile spana za kufungulia, kwa hiyo Ukelo alijichongea funguo zake mwenyewe kwa tupa, moja baada ya nyingine. Alikuwa mtu wa maneno machache. Akikurudishia pikipiki, alikuambia tu, "Iko muzuri," na kweli ilikuwa nzuri.

Jumamosi moja nilitoka kwake, ameniwekea freni mpya ya nyuma, ile breki ya kukanyaga kwa mguu. Nikampakia mke wangu Kavira, tukaenda Kasenyi, kule ziwani, kununua samaki. Pale Bogoro, njiani, nilikutana na marafiki, nikanywa lotoko, ile pombe kali ya mahindi. Sitaficha: nilikunywa mpaka midomo ikafa ganzi. Kavira alinisubiri nje juani.

Tulipofika mahali ambapo barabara inaanza kuangukia ziwa, nilizima mashine. Nilitaka kuona itakimbia namna gani yenyewe. Kavira alinipiga mgongoni kwa ngumi.

"Baba Masika, simamisha! Nishuke, nitembee na miguu!"

Nilicheka. Ndugu zangu, sauti ya mwisho aliyosikia mke wangu kwangu ilikuwa kicheko. Kona ya tatu tuliruka. Mimi nilichunika kiwiko. Yeye alipigwa na jiwe la pembeni, na alikuwa ameshakufa nilipomfikia. Masika wetu alikuwa na miaka minne.

Watu walikusanyika, wakaniuliza kumetokea nini. Nikafungua kinywa, na kinywa kikasema: "Freni imekatika. Ukelo ameniulia mke."

Sikupanga kusema hivyo. Lakini nilipoona nyuso zao zimenihurumia, nikasema tena. Kwenye matanga nikasema tena. Kaka wawili wa Kavira, Muhindo na Kakule, wakanisikiliza bila kunikatiza, kisha wakainuka. Walikwenda sokoni, wakavunja kibanda cha Ukelo, wakatupa funguo zake mtoni, wakamwekea mkono wa kuume juu ya jiwe na kuupiga kwa chuma. Baadaye majandarme, askari wa serikali, wakamfunga yeye, aliyepigwa. Alipoachiliwa alibeba mke na watoto wake, akatoka Bunia. Na mimi nilikuwa nyumbani kwangu, ninakula chakula mlichonipikia ninyi.

Miaka minane nilikaa na uongo ule. Nilihudhuria ibada kila Jumapili. Niliimba. Lakini madirisha ya nyumba yangu niliyafunga upande wa nyuma, kwa sababu pikipiki ilikuwa imelala pale nyuma ya jiko, kuku wanatagia chini ya kiti chake, na sikutaka kuiona. Kunywa sikuacha. Masika alipokuwa anakua, uso wake ukawa wa mama yake kabisa, na mimi nikaanza kurudi nyumbani akiwa ameshalala.

Kisha muchungaji wetu akatangaza kwamba makanisa madogo ya vijijini hayana wa kuyatembelea, kwa kuwa yeye mwenyewe hana kitu cha kumbeba. Niliinuka mbele ya watu wote. Nilisema, "Nitatengeneza pikipiki yangu, niitoe kwa Bwana." Mkapiga makofi. Nilikuwa natafuta makofi, ndugu zangu, lakini Mungu alikuwa anatafuta kitu kingine!

Nikaenda kwa mafundi wa soko. Wa kwanza akakataa. Wa pili akakataa. Wa tatu, muzee mmoja aliyewahi kufanya kazi pamoja na Ukelo, akaniangalia muda mrefu.

"Siye hatugusi ile pikipiki," akasema. "Kesho ukianguka, utasema ni siye tulikuangusha. Tengeneza weye mwenyewe."

Basi nilianza mwenyewe, mimi ambaye sikuwahi kufungua hata baiskeli. Kila Jumamosi nilikaa nyuma ya jiko na funguo za kuazima ambazo hazikuenea. Zilikula pembe za nati, nami nikachuna vidole mpaka nikashindwa kushika kalamu Jumatatu kazini. Pistoni ilikuwa imeshikana na silinda kwa kutu. Nikaimwagia mafuta ya taa siku kumi, kisha nikaipiga kwa kipande cha mti, na iliposogea upana wa ukucha nilipiga kelele kama mtu aliyeona mfu amefumbua jicho. Karburateri niliisafisha kwa unyoya wa kuku. Kuna skrubu niliyoikatia ndani kwa ujinga, nikakaa wiki tatu kuitoa. Buji ya kuwashia moto, waya na mipira ya magurudumu vilitoka Uganda kupitia Mahagi, kwa dereva wa lori. Miezi saba! Nikijua leo ya kwamba vile vipande vinaingiana namna gani, kesho nilikuwa nimesahau, nikaanza upya.

Mashine ikawaka siku moja saa sita mchana, moshi mweupe ukajaza kiwanja. Masika alitoka jikoni, akasimama mlangoni, akaitazama. Alirudi ndani.

Nilikuwa nimetengeneza kila kitu isipokuwa freni ya nyuma. Nilijiambia ndiyo kazi rahisi, itangoja. Siku yake ilipofika nilitoa gurudumu, nikafungua kile kikombe cha chuma cha katikati. Nilitegemea kukuta kitu kimekatika. Ndugu zangu, mtu akisema uongo miaka minane, anaanza kuutegemea kama ukweli. Mikono yangu ilikuwa inatafuta ule mvunjiko.

Haukuwepo. Freni ilikuwa mpya. Ilikuwa haijalika hata kidogo, rangi ya duka bado iko juu yake. Springi zilikuwa nzima. Kile chuma kirefu kinachotoka kwenye pedali kilikuwa kimenyooka, na pini yake mahali pake, na juu ya pini Ukelo alikuwa ameongeza waya mwembamba, ameusokota mara tatu, ili hata pini ikianguka freni isiachie. Hakuna aliyemwomba kufanya hivyo. Nilirudisha gurudumu, nikalizungusha kwa nguvu, nikakanyaga pedali. Likasimama pale pale.

Mimi siku ile sikukanyaga. Mguu wangu haukusogea. Nilikuwa nacheka.

Nilichukua nyundo. Msinione mtu mwema, nisikilizeni vizuri: nilichukua nyundo niivunje ile freni, ili siku moja mtu akifungua akute nilichosema. Niliinua mkono. Na hapo nikamwona Ukelo, mkono wake umewekwa juu ya jiwe, kama vile nilikuwepo. Mkono wangu ukashuka wenyewe. Nikasema kwa sauti, "Yesu, nimeua wawili! Nitoe humu!" Sikusikia sauti yoyote. Lakini niliiweka nyundo chini, nikalia mpaka kuku wakakimbia.

Masika akaja mbio akidhani nimeumia. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Nikamwambia, "Masika, si fundi aliyemwua mama yako. Ni mimi. Nilikuwa nimelewa. Freni ilikuwa nzima."

Aliniangalia. Akauliza kitu kimoja tu: "Mama alijua?"

Nikasema ndiyo, alijua nimelewa. Aliniomba nisimamishe.

Mtoto wangu alikunja nguo zake siku ile ile, akaenda kwa mjomba wake Muhindo. Sikumzuia. Nilimfuata nyuma kwa miguu, nikaungama mbele ya mashemeji wote wawili. Kakule alinitemea mate. Muhindo alikaa chini, akatazama viganja vyake, akatazama, mpaka ninaondoka alikuwa bado anavitazama.

Nilipompelekea muchungaji pikipiki, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akashika guidoni, ule usukani wake, akanisukumia.

"Siipokei. Nenda nayo kwa Ukelo kwanza."

Niliulizia njiani mpaka nikamkuta Ukelo Kpandroma, kaskazini ya Bunia, anauza chumvi na sabuni sokoni kwa mkono wa kushoto. Ule wa kuume ulikuwa umejikunja kama mguu wa kuku. Hakunitazama mimi. Aliitazama pikipiki. Akapiga magoti pale vumbini, akaipapasa freni ya nyuma mpaka akagusa ule waya.

"Nani alifungua hapa?"

"Mimi, fundi."

"Ulikuta nini?"

"Nilikuta nzima. Pini iko, waya iko. Nilidanganya. Nilikuwa nimelewa, sikukanyaga."

Watu wa soko wakaanza kusogea. Kisha akasema polepole:

"Miaka munane mimi najiuliza kama nilisahau pini. Kila siku nafunga ile freni mu kichwa, nafunga, nafika ku pini, sikumbuke. Nilimwambia bibi yangu, mama ya watoto wangu, pengine ni kweli nimeua mama ya watu. Sikugusa funguo tena. Hata mukono ungepona, singegusa."

Ndugu zangu! Nilikuwa nadhani nimemwibia kazi na jina. Kumbe nilimfanya abebe maiti yangu, na yeye aliibeba akiamini ni yake!

Nililala kifudifudi mbele ya meza yake. Hakuniinua. Alisema, "Mukono haurudi, Kambale. Na siwezi kukuambia kama nimekusamehe, sijue. Lakini ulifanya muzuri kuja." Halafu akamwita mkewe kwa sauti kubwa, akamwambia kwa Kialuri, lugha ya kwao, maneno ambayo sikuyaelewa, na yule mama akakaa chini kati ya magunia ya chumvi, akajifunika uso kwa kitenge, akalia.

Nimwambie nani asante kama si Bwana? Sikulewa tena tangu siku ile. Lakini sitawadanganya kwamba yote yamepona. Kakule hanisalimu. Masika bado anakaa kwa mjomba wake. Jumapili ananipa mkono, lakini macho anaweka chini. Muhindo alipanda lori peke yake, akaenda Kpandroma, na waliyosemezana na Ukelo hawajamwambia mtu. Pikipiki nilimwachia fundi. Muchungaji anatembea kwa miguu, naye amesema ni sawa.

Sasa wewe uliyekaa hapo, unayeimba na sisi, na kuna mtu mahali fulani anaadhibiwa kwa kosa lako. Usingoje miaka minane. Siahidi kwamba utakumbatiwa. Ninakuahidi Yesu atakwenda na wewe mpaka mlangoni kwa mtu huyo, na atabaki pale hata kama mlango hautafunguliwa. Alibaki na mimi. Inuka leo, uende. Mtu huyo bado anajiuliza.