Dada Yetu, Aliyeuchora Uso Wake Mara Nne

Marehemu dada yetu, ambaye wengi mlimwita Mama Brashi, alizaliwa tarehe 9 Juni 1974, wa kwanza kati ya watoto watatu wa fundi cherehani na muuguzi. Mimi ni mdogo wake, kitinda mimba, na nasoma haya kwa niaba ya familia.

Alianza shule ya msingi mwaka 1981. Darasa la tano alimchora mwalimu wa hesabu akiwa ameinua kiboko, mshipa wa shingo umemtoka. Alichapwa sita kwa picha hiyo. Mama alipomuuliza kama amejifunza, alijibu, "Nimejifunza mshipa niliukosea. Uko kushoto." Alihitimu chuo cha sanaa mwaka 1996.

Alifanya kazi kwenye chumba kimoja juu ya duka la vioo. Alichora mabondia wakitoka ulingoni, wagonjwa waliokwisha kukata tamaa, wazee katika siku zao za mwisho. Kila kovu mahali pake. Kinyozi wa jirani alimwomba, "Hiki kidevu cha pili kitoe basi, dada." Akamwambia, "Umekilea mwenyewe, leo unataka nikiue mimi?" Picha hiyo bado imetundikwa kinyozini.

Tarehe 12 Desemba 2003 aliolewa na mchomeleaji wa mageti, wakajaliwa binti mmoja. Nimesihiwa nipite hapa haraka. Sitapita haraka. Mwaka 2009 mumewe alimvunja taya. Mwaka 2014, mbavu mbili. Kila mara alikimbilia kwetu, na kila mara tulikaa kikao tukamrudisha. Begi lake nililibeba mimi.

Mara nne, baada ya kipigo, alikaa mbele ya kioo akauchora uso wake kabla uvimbe haujashuka. Tarehe 2 Mei 2019 alizitundika picha hizo kwenye maonyesho. Saa nane mchana mumewe aliingia ukumbini na kipande cha nondo.

"Umenianika mbele za watu!"

"Nimejianika mimi," dada alimjibu. "Wewe humo hata kwenye moja."

Mumewe alimpiga kichwani mara tatu kabla mlinzi na yule kinyozi hawajamwangusha chini. Damu iliruka hadi kwenye picha ya pili.

Wazee walitaka niandike kwamba aliugua kwa muda mfupi. Hakuugua. Alilala siku kumi na moja wodi ya upasuaji, kichwa kimefungwa bandeji, jicho moja limezibika. Siku ya sita alipata fahamu. Nikamwambia, "Dada, nisamehe. Lile begi."

Akanigeuzia jicho lililo wazi. "Lilikuwa zito?"

"Hapana."

"Basi ungeweza kugeuza nalo."

Hakusema nami tena. Alifariki tarehe 13 Mei, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mama. Mumewe yuko mahabusu akisubiri kesi, na zile picha nne zimechukuliwa na polisi kuwa vielelezo.

Ameacha mama mzazi, wadogo wawili, na binti yake wa miaka kumi na minne, ambaye tangu jana anaishi kwangu.

Pumzika sasa, dada. Mwanao hatarudishwa kwa mtu yeyote atakayempiga. Atakayetaka kikao, anikute mlangoni.