Gereji ya Orest Kabla ya Theluji

Benchi letu liko ndani, chini ya dirisha la mkahawa wa Verna, maana Oktoba ya Saskatchewan, huku Kanada, si mwezi wa kuweka makalio nje. Kila asubuhi tunakaa wanne. Lorne Friesen tunamwita Kipimajoto, kwa sababu hata ukimsalimia anakujibu kwa nyuzi za baridi. Delmar tunamwita Majani, na sababu mtaisikia wenyewe akifungua mdomo. Wa tatu mimi, mgeni wao wa miaka mingi mpaka wamesahau kwamba ni mgeni. Wa nne ni Orest Hnatiuk, ambaye zamani tulikuwa tunamwita Bwana Harusi kwa jinsi alivyokuwa akipiga muziki kwenye kila harusi ya wilaya. Tangu mkewe Sonia afariki mwezi Machi, jina hilo hakuna aliyelitamka tena.

Asubuhi hiyo Orest alianza mwenyewe, na si kawaida yake.

— Binti yangu Larissa kapiga simu tena. Anasema theluji ikianguka kabla gereji yangu haijazibwa isipitishe baridi, anakuja kunichukua nikakae kwake Vancouver.

— Kule ghorofani? — Kipimajoto akauliza.

— Hukohuko. Msumeno marufuku, nyundo marufuku, hata kukohoa nadhani unaomba ruhusa.

— Na wewe unataka kwenda?

— Sitaki, bwana. Nataka kutengeneza tsymbaly zangu hapahapa, Januari kama Julai.

Tsymbaly ni ile ala ya nyuzi nyingi inayogongwa kwa vijiti viwili, na hapa kwetu nusu ya zilizopo zimetoka mikononi mwake. Kiangazi chote Orest anashinda gerejini nyuma ya nyumba, redio inaimba, mlango wazi. Novemba ikifika gundi inagoma kushika, mbao zinapasuka, naye anafunga kufuli. Safari hii hakutaka kufunga. Alikuwa akiitazama mikono yake kama mtu aliyenyang'anywa kitu.

— Sikiliza, — Kipimajoto akasema. — Unajaza ile sufi ya kuzuia baridi, ya rangi ya waridi, katikati ya nguzo za ukuta. Juu yake plastiki, upande wa ndani. Wa ndani, Majani, unanisikia?

— Umeanza.

— Jamani, huyu bwana plastiki aliiweka nje! Ukuta ukatoa jasho, ukaoza, ukaota uyoga.

— Na uyoga huo wewe ndiye uliyekula, ukaomba uongezewe.

Hata Orest alicheka kidogo. Majani akaona amepewa uwanja.

— Achana na sufi, mzee mwenzangu. Majani ya ngano! Marobota, moja juu ya jingine, kuta nne mpaka paani. Babu yangu alikaa kwenye majani, akazaa watoto tisa.

— Na panya je? — Kipimajoto akauliza.

— Panya nao wana joto lao.

— Wee!

— Tena ukitaka kumaliza kazi kabisa, weka ndama watatu pembeni. Ndama mmoja ni jiko zima. Hali umeme, hadai kuni.

— Na mavi yake? — Orest akauliza.

— Yana joto kushinda ndama mwenyewe.

Kipimajoto akapiga meza, donati zikaruka.

— Acha kumpotosha mtu! Dawa ni kuchimba. Tunaishusha gereji yote chini, futi nane. Huko ardhini hakujui hata kama kuna Januari.

— Yaani umzike mtu mzima mzima?

Neno hilo lilitua vibaya. Majani akajifanya anatafuta sukari, na mimi nikajifanya ninamwonyesha ilipo. Kipimajoto akaharakisha kuja na jingine, maana kimya hakiwezi.

— Basi tuiburute! Tunaifunga kwenye trekta, tunaivuta mpaka ibanane na nyumba, tunatoboa ukuta, joto la nyumba linapita lenyewe.

— Isiguse nyumba, — Orest akasema.

Aliisema kwa ukali, tukatazamana.

Hapo kaunta alikuwa amesimama Rogelio, kijana wa Kifilipino anayekata nyama dukani, anangoja kahawa yake. Amekuja Juni, baridi yetu anaisikia kwa hadithi tu. Akageuka kwa adabu.

— Samahani, wazee wangu. Mzee Orest, nyumba yako yenyewe ina joto?

— Ina joto. Tanuri la kupashia nyumba linanguruma mchana kutwa.

— Unakaa na nani?

— Peke yangu.

— Sasa mbona usifanyie kazi jikoni?

Majani akakoroga kikombe kilichokwisha kahawa. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufikiria swali hilo, au labda tulilifikiria tukalikwepa. Nilitamani kijana angeuliza kitu kingine chochote. Rogelio akaona tulivyokaa, akaanza kuomba radhi, lakini Orest akamwinulia mkono.

— Jikoni nimejaribu, mwanangu. Napiga randa, maranda yanaanguka sakafuni, halafu nasimama. Nangoja Sonia aje anifokee.

Akakusanya makombo ya donati mezani kwa kiganja.

— Nangoja mpaka giza linaingia. Gerejini hakupata kuingia hata siku moja, alikuwa akisema panamnukia gundi. Kule simngoji mtu.

Nilimkumbuka Sonia, nikamkumbuka sana, na uso wa Kipimajoto ulinionyesha kwamba si mimi peke yangu. Yeye ndiye aliyesimama kwanza, akavaa koti lake bila kututazama.

— Majani, trela yako iko wapi?

— Nyumbani.

— Kailete, tukapakie sufi. Gereji tunaiziba leo.

— Sasa hivi?

— Sasa hivi. Na wewe kijana, ukitoka dukani, unajua kupigilia msumari?

— Kidogo, mzee.

— Inatosha.

Verna alikuja na birika jipya akakuta tumeshainuka, tunapangana mlangoni nani apitie ngazi na nani apitie mbao. Orest alibaki ameketi kidogo, viganja vyake juu ya meza. Kisha akaanza kutafuta kofia yake.