Chambo cha Shati la Machibya

Bi. Natalia Gelasius, Mtunza Stoo Mkuu wa Nyumba ya Makumbusho Kawajense, anastaafu kwa mujibu wa sheria tarehe 30 Juni 2025, baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja. Aliajiriwa kama mfagizi. Anaondoka akiwa mkuu wa stoo zote mbili, bibi wa wajukuu wengi, na adui mkubwa wa panya kuliko wote mjini Mpanda.

Alizaliwa Usevya kwa wakulima wa mpunga. Husema kwamba mtoto aliyelala jirani na ghala humjua panya kabla hajaijua herufi A. Alipopelekwa Dar es Salaam kusomea uhifadhi, alirudi na cheti, na imani kwamba mtego bila chambo sahihi ni chuma tu.

Hakuna chambo ambacho hakukijaribu. Alijaribu dagaa, wakaleta sisimizi, kisha wadudu wanaotafuna ngozi. Alijaribu ugali uliopakwa mawese, ukaota ukungu. Mwishowe alitulia kwenye karanga moja ya kukaanga, iliyofungwa kwa uzi ili panya alazimike kuivuta. Mzee Sadalla, anayetuuzia mitego sokoni, alimuuliza siku moja, "Mama, nyie huko makumbusho mnawaua au mnawafuga?" Nasi watumishi wenzake tulijifunza kula maandazi yetu nje, jua liwake au mvua inyeshe.

Lakini Bi. Natalia ametuomba wasifu huu usiwe wa vicheko vitupu. "Mkinisifu bila kumtaja Machibya, kwenye hiyo sherehe siji," alisema. Basi tunamtaja.

Machibya alikuwa mrina asali wa Inyonga. Kiangazi kimoja aliingia porini, hakurudi. Waliomtafuta walikuta shati lake limetundikwa kwenye tawi chini ya mzinga, basi. Wengine walisema ameliwa na simba. Wengine, wenye midomo mibaya, walisema amekimbilia Tabora kwa mwanamke mwingine. Mke wake, Christina, alikaa na shati lile miaka, mpaka siku tulipokuwa tunakusanya vifaa vya warina asali. Akalileta kwa basi.

"Sina kaburi la kwenda," alimwambia Bi. Natalia. "Nitakuwa nakuja hapa. Ila msilifue. Bado lina jasho lake."

Lilikuwa na jasho, moshi na asali iliyogandia kwenye kola. Utaratibu ulitaka nguo ya namna hiyo isafishwe kabla ya kuingia stoo, na aliyeufundisha utaratibu huo ni Bi. Natalia mwenyewe. Alimtazama yule mama, akakubali. Masanduku ya bati yalikuwa yamejaa, akaliweka kwenye boksi gumu la karatasi. Kila mwaka baada ya mavuno Christina alikuja na kitenge safi. Bi. Natalia alimfungulia boksi, akatoka nje, akawaacha wawili.

Masika ya 2019 yalikuwa mazito. Maji yalijaa kwenye mashimo ya panya, wakahamia kwetu. Karanga hawakuigusa. Bi. Natalia alibadilisha chambo kila asubuhi, na kila asubuhi alikuta mitego imetegwa vilevile, huku ngozi ya ngoma kubwa ikianza kuliwa ukingoni. Alipofika kwenye boksi la Machibya ndipo alipoelewa. Shati lilikuwa nyuzinyuzi. Ndani ya mfuko wa kifuani vitoto vya panya vilikuwa vimelala, vyekundu, bila manyoya.

Hakupiga simu. Alipanda basi katika tope lile mpaka Inyonga, akamwambia Christina ana kwa ana. Wakarudi pamoja.

Pale stoo Bi. Natalia alipiga magoti. "Dada, kosa ni langu. Ningelifua, lingekuwepo."

"Ungelifua, nisingekuwa nakuja," Christina alijibu. Hakulia. Aliitazama mitego, kisha akauliza, "Chambo chenu hawali?"

"Hawali."

"Wameshazoea utamu wake. Wawekeeni huohuo."

Bi. Natalia alikataa. Christina akachukua kola iliyobaki, akaichana kwa meno, akaanza kufunga vipande kwenye mitego yeye mwenyewe. Sisi tuliokuwa mlangoni tulimsikia akisema, "Wamemla mume wangu. Wafe naye akiwa mdomoni."

Kesho yake mitego ilikuwa imefyatuka. Ikawa hivyo asubuhi kadhaa, mpaka stoo ikanyamaza. Ngoma kubwa ilipona, na pale ukumbini kovu lake bado linaonekana. Bi. Natalia hakumruhusu mtu mwingine kuitegua ile mitego. Kipande kwa kipande alikitoa kwenye meno ya wafu wale, akakianika, akavifunga vyote kwenye kitambaa cheupe. Halafu akamkabidhi Christina, bila kibali. Uongozi wa wakati ule ulimpa onyo kali, naye akalipokea bila kujitetea.

Alikwenda naye mpaka Inyonga. Ndugu walichimba kaburi dogo, katekista akaongoza sala, na hata wale wa maneno ya Tabora walitupa udongo. Watu walipoanza kutawanyika, Christina alimshika Bi. Natalia mkono, akamwambia, "Leo nimekuwa mjane. Jana nilikuwa mwanamke aliyeachwa."

Tangu hapo hakuna nguo iliyoingia stoo bila kusafishwa. Kuna waliotoka Mwese kwa miguu na nguo za marehemu wao, wakasikia sharti hilo, wakaondoka nazo kwa hasira. Aliwaacha waondoke. Msimu wa mvua hutumia pamba tupu kama chambo, kwa sababu panya aliyelowa hutafuta kitanda kabla ya chakula. Na mitego huikagua kila siku, kwa kuwa mzoga ukiachwa huzaa wadudu. Hayo ametufundisha. Kwamba amejisamehe, hatuwezi kuandika, maana hajatuambia hivyo.

Bi. Natalia, tunakushukuru kwa mikono yako, kwa ukali wako, na kwa safari ile ya tope ambayo wengi wetu tungeimaliza kwa simu. Mungu akupe afya, mavuno mema huko Usevya, na usingizi mzito mvua inaponyesha. Pumzika, mama. Mitego tutaikagua sisi.

Thadei Optatus
Kwa niaba ya watumishi wenzako