Soko Moja: Maisha ya Marehemu Arsène Onema Lutala

Ndugu waombolezaji, familia imemtuma Joëlle, binti wa kwanza wa marehemu, asome historia hii mbele ya jeneza, naye anaomba asikatizwe, hata na wale waliokaa viti vya mbele, kwa sababu mambo ambayo marehemu aliyapeleka ofisini miaka ishirini na mitatu bila kusikilizwa, leo yatasikilizwa.

Marehemu Arsène Onema Lutala alizaliwa Obokote, teritwari ya Lubutu, tarehe 14 Machi 1962, mtoto wa tatu wa mwindaji, kwa hiyo alimjua soko, yaani sokomtu wa porini, kabla hajajua herufi hata moja, alijua kwamba akiwa mdogo hubebwa mgongoni kama mtoto, na akikomaa hung'oa mlango.

Alisoma shule ya msingi Kampene kuanzia 1969, kisha sekondari hapa Kindu, akapata diploma mwaka 1982, na Kiswahili chake kilikuwa cha kitabu, wenzake walimcheka kwa sababu alisema mtu mmoja na meza moja, pale sisi sote tunaposema moja kwa kila kitu. Tarehe 6 Agosti 1988 alifunga ndoa Kalima, alikokuwa karani, na Mama Emerance, muuza samaki wa kukausha, wakajaliwa watoto wanne, na mwaka 1990 akahamia Kindu, karani katika ofisi moja ya mji.

Vita vilipotufikia mwaka 1998, fomu ziliisha, mashine ya kuandikia ikaibwa, marehemu akabaki na kalamu na kashe, yaani muhuri wa ofisi, na kwa kuwa watu waliogopa kwenda sokoni, wakawa wanauzia katika parseli zao, viwanja vya nyumba zao, kila mmoja alitaka ruhusa ya soko ili askari wasimpokonye vitu. Tarehe 9 Februari 2001 alifika Bwana Alain, mnunuzi wa mawe ya madini ya Kalima, ambaye wote tunamwita Patron, akaomba ruhusa ya soko, na marehemu, aliyekwisha kuandika kumi na moja za namna hiyo wiki ile, aliandika kwamba anaruhusiwa kuwa na soko moja katika parseli yake, akatia sahihi, akapiga kashe. Siku ya pili alipita pale, hakuona meza wala chumvi wala mafuta ya mawese, aliona soko mchanga amefungwa waya kiunoni, mama yake ameliwa, na Patron akicheka: "Papa Onema, miye niliomba soko, na weye njo uliandika soko."

Wahenga walisema kosa moja haliachi mke, lakini kosa hili moja lilimla marehemu. Sheria aliijua kwa moyo, kwamba mnyama mkali hafugwi nyumbani bila idhini ya wahifadhi, bila tundu la chuma, bila daktari wa wanyama, tena mbali na watoto wa watu, na kwamba soko hapewi mtu binafsi hata akiwa na hayo yote. Aliomba karatasi ifutwe, akaeleza kwamba mnyama angeandikwa soko mmoja, wakubwa wa ofisi wakamjibu kwamba huku Kindu hata muntu iko moja. Barua yake ya mwaka 2004 ilipelekwa idara ya masoko, ikajibiwa kwamba soko hilo limekaguliwa na halina takataka. Mwaka 2011 soko alimng'ata Mama Mamy, aliyekuwa akifua nguo pale, vidole viwili vikaenda, wakaguzi wakaja, Patron akatoa karatasi mfukoni, imefungwa katika plastiki kama picha ya mtoto, wakaisoma, wakaondoka. Inatia hasira, na sisi tuna hasira, hatutaificha kwa ajili ya msiba.

Tarehe 3 Juni 2024, saa tatu asubuhi, soko alikata waya, akaruka uzio unaotutenganisha na Patron, na marehemu, mwenye miaka sitini na miwili, alijitupa juu ya mjukuu wake Malaika. Mtoto hana hata mkwaruzo. Babu yake alichanwa uso na mkono wa kuume, ule wa kuandikia, kidonda kikaoza, akafariki tarehe 22 Juni, alfajiri. Tulipokwenda kushtaki tuliambiwa: "Mwenye soko iko na karatasi, mwenye makosa njo ule alitia sahihi, na ule amekufa, basi mambo imeisha."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia siku kumi na tisa, majirani waliomkinga Malaika kwa miti na masufuria, makarani wenzake waliochonga jeneza hili, na Mama Mamy, aliyepika siku zote za kilio kwa vidole alivyobakiwa navyo.

Kwa Patron Alain, uliyekaa kiti cha mbele, shukrani hatuna, tuna ombi. Karatasi uko nayo mfukoni, siku zote unatembea nayo. Simama, uilete, izikwe na mkono ulioiandika, na kesho soko apelekwe kwa wahifadhi. Waimbaji wasianze, majembe yasiguswe.

Pumzika kwa amani, Papa. Udongo utangoja, sisi tunamtazama Patron.