Ombi la Kusafishwa Jina la Muhdhar, Mtu wa Redio

Mgeni rasmi, Mheshimiwa unayesimamia mambo ya meli na mabaharia, wazee wetu, mabibi na mabwana, asalamu aleikum, na amani iwe juu yenu nyote.

KARIBU
Sisi jamaa wa mabaharia twakukaribisha Kibokoni. Tulikuwa na mengi ya kukueleza, lakini tumekubaliana tueleze moja tu, la Bi Fadhiya, aliyeketi mbele yako.

YALIYOTUKUTA
Mumewe, marehemu Muhdhar, alikuwa mtu wa redio melini. Mwezi wa Machi mwaka jana, 1991, meli yao ya shehena ilishika moto mbali kaskazini, karibu na ncha ya dunia. Waliopona ni wachache. Kisha mjumbe wa kampuni akaja kumwambia Bi Fadhiya kwamba hakuna kituo kilichopokea mwito wa msaada, kwa hivyo mumewe aliiacha redio akakimbia.

Habari ikaenea mtaani. Binti yake, Sheikha, alirudi kutoka chuoni akilia. Mbele za watu Bi Fadhiya alimtetea mumewe. Akiwa peke yake jikoni, alianza kumshuku, na shaka hiyo ilimuumiza kuliko msiba wenyewe.

TULIYOYAPATA
Chirau, mfanyakazi wa injini aliyepona, aliporudi Mombasa alikwenda kwa Bi Fadhiya moja kwa moja.

"Shemeji, Muhdhar hakukimbia," alimwambia. "Nilimvuta mkono tushuke mashuani. Alikuwa akiita, abadilisha mawimbi, aita tena. Redio yavuma tu. Akaniambia nitangulie."

Akaongeza kwamba jioni ile anga lote lilikuwa likiwaka rangi ya kijani na nyekundu. Bi Fadhiya akalipeleka neno hilo kwa Mwalimu Naomi, anayesomesha fizikia, ambaye nduguye alipotea katika meli iyo hiyo.

Naomi alimweleza kwamba jua hutoa upepo wa chembe zenye umeme. Nguvu ya sumaku ya dunia huukinga upepo huo usitufikie, lakini kwenye ncha za dunia nguvu hiyo huinama kuelekea ardhini, na chembe huifuata. Zikigonga hewa ya juu, anga huwaka. Jua likichafuka, hewa hiyo hujaa umeme, ikayameza mawimbi ya redio yanayokwenda mbali.

Bi Fadhiya akauliza kama mumewe alijua kwamba hasikiki. Naomi hakumficha.

"Alijua, dada. Mtu wa redio hujua."

Siku hiyo ndipo Bi Fadhiya alipomlilia mumewe.

VIKWAZO
Kampuni yasema uchunguzi umefungwa. Chirau hakuulizwa hata neno. Maelezo ya Mwalimu Naomi yalipokewa kwa tabasamu, akaonyeshwa mlango.

MAOMBI
Twaomba uchunguzi ufunguliwe, Chirau asikizwe, na jina la Muhdhar lisafishwe hadharani. Maiti hatuombi, twajua haipatikani.

Bi Fadhiya ametutuma tuongeze haya kwa maneno yake: "Kama Mheshimiwa hawezi, aniambie hapa leo, mbele ya binti yangu. Asiseme atalishughulikia."

Mheshimiwa, Mungu akupe afya, akurudishe salama kwa watu wako, na awarehemu waliobaki baharini. Tumemaliza kusoma. Bi Fadhiya anangoja.

Ni sisi,
Jamaa wa Mabaharia, Kibokoni na Kilindini,
Mombasa, 1992.