Mama Ersilia wa Mgahawa wa Bolognina

Marehemu Ersilia Bonfiglioli alizaliwa tarehe 9 Machi 1941 huko Budrio, mji mdogo karibu na Bologna, mtoto wa pekee wa mkulima wa viazi, Aristide Gamberini. Alisoma hapo hapo hadi darasa la tano tu. Vita vilikuwa vimemchukua baba, na mama yake alihitaji msaidizi shambani.

Mwaka 1964 alifunga ndoa na Gualtiero Bonfiglioli, mwoka mikate wa Bologna, na miaka mitatu baadaye wakafungua mgahawa mtaani Bolognina, nyuma ya stesheni, uliosifika kwa tortelini, vifuko vidogo vya unga vilivyojazwa nyama na kupikwa katika supu. Siku za Jumapili zilikuja familia nzima nzima, kuanzia bibi hadi kichanga. Mtoto akianza kulia, marehemu alimpa donge la unga afinyange, akawaambia wazazi, "Nyie kuleni. Huyu ni mpishi mwenzangu."

Mungu aliwajalia watoto wawili, Learco na Nives. Gualtiero alipofariki mwaka 2009, Learco alitaka mgahawa ubadilishwe: sahani ndogo ndogo, bei kubwa, watoto wasiingie. Jumapili moja, ukumbi umejaa, walibishana.

"Tortelini za supu zimepitwa na wakati, mama. Unawapikia marehemu."

"Basi marehemu wana adabu kukushinda. Vua aproni yangu."

Learco aliivua, akahamia Rimini. Tusifiche msibani jambo ambalo mtaa mzima unalijua: mama na mwana hawakusemeshana tena kwa miaka mingi. Kila mmoja alimngoja mwenzake aanze.

Mwaka 2019 maradhi ya kusahau yalimwanza. Nives alishika jiko, mama akabaki kukaribisha wageni. Learco alipopata habari, alikuja Alhamisi moja mchana, akasimama mlangoni.

"Uko peke yako, baba?" mama alimuuliza. "Njoo ukae dirishani. Kula peke yako ni unyonge."

"Mama, ni mimi."

"Karibu sana. Leo kuna tortelini."

Nives alitaka kumweleza, lakini Learco alimtikisia kichwa. Alikula, akaomba aongezwe.

Tangu hapo alikuja kila Alhamisi. Mara nyingi alimwomba radhi, na kila mara mama alimshangaa: "Hukunikosea lolote, bwana."

Akishaondoka, mama alimwambia Nives, "Yule mteja ana heshima. Mama yake ana bahati." Nives aliingia jikoni kulia.

Mwishoni mwa Januari 2024 marehemu alishikwa na nimonia. Alifariki nyumbani, ghorofani juu ya mgahawa, asubuhi ya tarehe 3 Februari, wanawe wote wawili wakiwa wamemshika mikono.

Ameacha binti, mkwe, wajukuu watatu, na watu wazima wengi wa Bolognina waliojifunzia kushika kijiko mezani kwake. Ameacha pia Learco, ambaye ameomba isomwe wazi mbele ya jeneza lake kwamba yeye ni mwanawe wa kwanza, si mteja.

Mungu ampokee Ersilia, ampe pumziko lenye amani.