Mzee Elkana Ouma na Hatua Mia Tatu za Mgodi wa Rabwao

Marehemu Mzee Elkana Ouma Rading' alizaliwa mwaka 1934 kijijini Rabwao, kando ya ziwa, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Bondo. Tarehe haijulikani. Mama yake, Dorca, alisema tu kwamba ulikuwa msimu wa omena nyingi, wale dagaa wa ziwani.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne. Siku moja alipeleka darasani jiwe la kijani kutoka mlimani, akamuuliza mwalimu limepata wapi rangi hiyo. Mwalimu akasema ni kuvu. Elkana alilisugua kwa mchanga, akalichemsha, hata akalilamba, kijani hakikutoka. Tangu hapo hakuwaamini sana walimu, ingawa alimwomba radhi binti yake Selpha, anayesoma wasifu huu, siku alipofuzu ualimu.

Mwaka 1953 aliajiriwa katika mgodi wa shaba uliokuwa umefunguliwa mlimani. Kazi yake ilikuwa kubeba mbao za kuegemeza dari kule chini, lakini mdomo wake haukuchoka kuuliza. Mpimaji wa miamba alimweleza kwamba zamani mno, kabla ya ziwa na kabla ya mlima wenyewe, hapa palikuwa sakafu ya bahari. Maji ya moto yalipenya kwenye nyufa za mawe ya volkano yakaacha shaba, na shaba ikipata hewa na mvua hugeuka kijani. Alipoyasimulia hayo kanisani, mzee mmoja aliuliza kama ni ile gharika ya Nuhu. Ouma alijibu kwa heshima kwamba ya Nuhu ilikuwa ya juzi tu. Kwa jibu hilo alizuiwa meza ya Bwana miezi mitatu.

Mwaka 1958 alimwoa Perez Akumu. Siku ya kwanza kwenda ukweni alibeba jiwe la kijani kama zawadi. Baba mkwe alilitumia kuzuia mlango, na hadi leo linauzuia.

Mgodi ulifungwa mwaka 1966, shaba ilipopungua. Wenye mgodi waliondoka na mashine, reli na ramani zote. Ramani iliyobaki ilikuwa miguuni mwa Mzee Ouma, kwa maana miaka kumi na mitatu alikuwa akihesabu hatua zake kila alipobeba mbao. Kutoka shimo kuu kuelekea machweo, hatua mia tatu, palikuwa na chumba kikubwa ambako wachimbaji waliifuata shaba kwenda juu hata mizizi ya miti ikaning'inia darini. Hapo ndipo ardhi ilikuwa nyembamba.

Kwa hiyo mwaka 1989, wazazi walipotaka kujenga shule ya chekechea, walimwendea yeye. Alisimama kwenye shimo kuu, akatembea hatua mia tatu, akapiga kigingi katika shamba la mihogo la Mama Seline. Akasema wakae mbali na hapo. Shule ikajengwa kwenye hatua ya mia mbili, na mihogo ya Mama Seline ikaanza kuogopwa kama ina chui.

Mwaka 1995 mgongo ulianza kumsumbua, akawa anatembea ameinama. Asubuhi moja alirudi kutoka kisimani akiwa na wasiwasi. Njia hiyo ilikuwa hatua mia na ishirini tangu alipooa. Sasa zilikuwa mia na themanini. Akamuuliza mkewe kama kisima kimehama.

"Kisima haijahama, Baba Selpha," Mama Perez akamwambia. "Ni wewe umepinda. Mtu akipinda, hatua inakuwa fupi."

Mzee Ouma aliweka ndoo chini na hakunywa chai siku hiyo. Alikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu Wakoli, mkuu wa shule, akamwomba awatoe watoto. Mwalimu alimkumbusha kwamba ni yeye mwenyewe aliyesema hapo ni salama.

"Nilikosea, Mwalimu," akasema. "Nilihesabu nikiwa nimesimama, na kule chini hakuna mtu alikuwa anasimama."

Mwalimu hakuelewa, kwa hiyo alionyeshwa. Siku ya soko, mbele ya kijiji kizima, mzee wa miaka sitini na mmoja alijitwika ubao begani, akainama kama zamani, akatembea kutoka shimo kuu akihesabu kwa sauti. Watu walicheka hadi hatua ya mia mbili na tisini. Ya mia tatu iliishia kwenye mlango wa darasa. Wiki hiyo watoto wakahamishiwa kanisani.

Jumanne tarehe 11 Novemba 1997, katika mvua za El Niño, darasa lile tupu lilizama hadi paa. Hakuna aliyeumia. Watu walimpongeza, naye akakataa pongezi. Kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa, walimwambia. Lakini miaka sita watoto walikuwa wameimba juu ya shimo kwa neno lake, na jambo hilo lilimuuma mpaka mwisho.

Mwaka jana kifua nacho kiliungana na mgongo. Alilazwa hospitalini Kisumu, akafariki Alhamisi tarehe 5 Agosti 1999, saa nne asubuhi, baada ya kumuuliza daktari picha ya eksirei inaonaje ndani ya mfupa.

Ameacha mjane, Mama Perez. Watoto Selpha, Tom na Jentrix. Na wajukuu kumi na mmoja, wanne kati yao walisoma katika darasa lile.

Jana, kabla ya jembe la kaburi kugusa ardhi hapa nyumbani, Mama Perez aliuliza hapa chini kukoje. Kwa hesabu ya Baba, njia ya mgodi ya upande huu, wa macheo, iliishia hatua mia na hamsini kutoka shimo kuu. Selpha alichukua ule ubao, akainama, akahesabu. Ya mia na hamsini ilimfikisha kwenye ua wa jirani. Nyumbani kulikuwa bado mbali. Hapo akasimama wima, akawaambia wachimbe.

Lala, Baba. Chini yako ni mwamba mtupu, tumehakikisha.